Nyumba ya Mtaa: Maoni Yatolewe Kabla ya Ramani

(Haya ni maneno aliyoyasema mfasiri wa Serikali mbele ya baraza la wakaazi wa mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi, siku walipokutana kutoa maoni juu ya nyumba mpya ya mtaa.)



Nimeitwa hapa kwa kazi yangu ya kila siku, nayo ni kufasiri. Bwana mchoraji wa ramani atasema, nami nitayageuza maneno yake. Kisha ninyi mtasema, nami nitayageuza maneno yenu. Lakini kabla hajaanza nimeomba ruhusa ya kusema maneno yaliyo yangu mwenyewe, kwa kuwa mfasiri huhudhuria mabaraza mengi kuliko watu wengi, naye hukaa katikati, akisikia pande zote mbili. Mwenyekiti amenikubalia, ila ameniambia nisizidishe nusu saa.

Jambo lililotuleta mnalijua. Katika kiwanja kilicho nyuma ya soko, ambacho kwa miaka mingi watu wamekitumia kwa kutupa takataka upande mmoja na kucheza mpira upande wa pili, kunakusudiwa kujengwa nyumba ya mtaa. Vijana wapate mahali pa kucheza na kujifunza, na watu wazima wa umri mkubwa wapate mahali pa kushinda mchana, kuzungumza, kucheza bao, kupimwa presha na kula pamoja.

Mtaona kwamba sikusema "nyumba ya wazee." Niliambiwa niliandike neno hilo katika tangazo, nami nikaliandika, na siku ya pili mzee mmoja akaja ofisini na mwanawe, amekasirika. Alidhani ya kwamba watoto wake wanataka kumpeleka akaachwe huko, kama tulivyozoea kusikia juu ya wazee wasio na watu. Nikalifuta neno lile. Nyumba hii si ya kulala. Mtu atakuja asubuhi, na jioni atarudi kwake, kwa wajukuu wake.

Sasa lisikieni hili: ramani haijachorwa. Mara nyingi watu huitwa barazani wakati ramani imekwisha pigwa muhuri, wakaonyeshwa picha nzuri ya rangi yenye miti ambayo haijapandwa, wakaulizwa, "Mwaonaje?" Nao hupiga makofi. Kupiga makofi si kutoa maoni. Leo bwana huyu amekuja na karatasi nyeupe, nami nimeikagua mwenyewe.

Kwa nini naling'ang'ania jambo hili? Naomba niwaeleze kosa langu.

Miaka minane iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi, nilipelekwa mji mmoja wa bara ulio kando ya mto. Mji huo siutaji, wala siwataji waliokuwa na kazi ile. Kulikuwa na shauri kama hili la leo, la kujenga ukumbi. Baraza liliitwa kwa saa nane, likaanza saa tisa na nusu, na ilipofika saa kumi na moja mchoraji alikuwa akitazama saa yake kila mara, maana njia ya kurudi ilikuwa mbaya na mvua ilikuwa ikija. Ndipo akasimama bibi mmoja mzee sana. Alisema kwa lugha ya nyumbani kwake, polepole, na alisema kwa muda mrefu. Alianza na habari za mafuriko ya zamani, akawataja watu waliochukuliwa na maji, akaeleza alivyovunjika nyonga na jinsi alivyolala miezi mingi. Kisha akaiinua fimbo yake, akaweka kidole karibu na ncha yake ya chini, akasema neno moja zaidi, akaketi.

Mchoraji akaniuliza, "Asemaje?" Nami nikajibu kwa Kiingereza, kwa maneno yasiyozidi kumi na matano: bibi anashukuru, naye anaomba jengo liwe imara lisichukuliwe na maji. Mchoraji akaandika. Watu wakatawanyika.

Maneno hayo aliyasema kweli, lakini hayakuwa yote. Lile neno la fimbo nililiacha. Bibi alikuwa ameuliza hivi: "Mguu wangu huinuka mpaka hapa, hauinuki zaidi. Mlango wenu utakuwa juu kiasi gani?" Mimi niliona ni jambo dogo la mtu aliyechoka, wala halifai kumchelewesha bwana na safari yake.

Ukumbi ukajengwa, na kwa kweli ukawa imara. Kwa kuwa mahali pale hufurika, sakafu iliinuliwa, na mbele ya mlango vikawekwa vipandio saba. Siku ya kufunguliwa nilitumwa tena, kufasiri hotuba. Nilimwona bibi yule ameketi nje chini ya mti, pamoja na wazee wenzake watano au sita, na vijana wakiwatolea wali na soda. Nilikwenda kumwamkia. Hakunilaumu. Aliniuliza kama ndani mna feni, maana alizisikia zikivuma. Nikamwambia zimo.

Niliporudi nilimwuliza fundi mmoja kama haiwezekani kuongeza njia ya mteremko kwa wenye fimbo na wenye viti vya magurudumu. Akanifanyia hesabu pembeni mwa gazeti, nayo ningali nayo. Mteremko unaofaa ni kipimo kimoja kwa kumi na viwili: ukitaka kupanda juu mita 1, njia iwe na urefu wa mita 12. Ukiifanya fupi kuliko hivyo, mwenye kiti cha magurudumu hawezi kujisukuma kupanda, na akiteremka ataishia barabarani. Basi vipandio saba vya sentimita 17 ni sentimita 119, na njia yake ni zaidi ya mita 14, mbali na mahali pa kupumzikia na pa kugeukia. Na kutoka mlango wa ukumbi ule mpaka barabara ya lami ni mita 5 tu. Kabla ya kujenga ingaliwezekana: jengo lingalisogezwa nyuma, au mlango ungaliwekwa ubavuni, ambako ardhi inapanda yenyewe. Lilikuwa jambo la kalamu na kifutio. Baada ya saruji kushika likawa jambo la kuvunja ukuta, na fedha za kuvunja ukuta hazikuwamo katika makadirio.

Ndiyo sababu nawaomba leo msiseme kwa jumla. "Tunataka nyumba nzuri" ni neno ambalo mchoraji hawezi kulipima. Semeni mguu wenu huinuka kiasi gani.

Wala mtu asiwaambie ya kuwa kuulizwa ni hisani mliyofanyiwa. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 10, imeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 54 chasema ya kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Kifungu cha 57 chataka Serikali ihakikishe kwamba watu wa umri mkubwa wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na wanaishi kwa heshima, bila kuonewa. Na kwa hesabu ya Katiba hiyo, mtu wa umri mkubwa ni yule aliyetimiza miaka 60. Viwanja vya michezo na mahali pa burudani vimewekwa katika kazi za serikali za kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka wananchi wapewe habari mapema, si siku ya kupiga muhuri. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitangua Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Kwa hiyo karatasi ya mahudhurio yenye sahihi nyingi haitoshi.

Nao watu hawa si wachache. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7 katika watu milioni 47.6. Wengi wako mashamba, ni kweli. Lakini mtaani hapa wapo waliozaliwa hapa, wakazeeka hapa, wala hawana shamba la kurudia.

Mitaa yetu ya mashariki si migeni kwa nyumba za namna hii. Ukumbi wa Pumwani ni wa miaka ya 1920. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, una ukumbi wake katikati ya nyumba. Humo watu walicheza dansi, wakafanya arusi, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni wakasikiliza hotuba za siasa zilizotikisa nchi. Mpango ulishuka kutoka juu, lakini wenyeji waliutia ukumbi maisha ambayo hayakuandikwa katika ramani yoyote. Nayataja haya kwa sababu wako watu wasemao, "Nyumba ni nyumba tu, watu watajizoesha." Vijana hujizoesha. Lakini aliyecheza dansi Kaloleni mwaka 1960 akiwa na miaka 20, leo amepita miaka 80, na goti lake halijizoeshi.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuongoza miji ipate kuwafaa wazee. Waliotunga kitabu hicho waliketi na wazee wenyewe katika miji 33, na Nairobi ilikuwa mmoja wa miji hiyo. Mtu angedhani ya kwamba wazee wataomba mambo makubwa. Yaliyojaa humo ni mambo ya viti vya kupumzikia njiani, vyoo vilivyo safi na vya kufikika, njia zisizo na mashimo, na kusemeshwa kwa adabu. Hayo yote huwekwa vizuri ikiwa mtu ameyakumbuka mapema.

Basi tuyaangalie machache. Naanza na choo, na vijana wasicheke. Choo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa mwenye magoti mabaya, ataingia, hatainuka. Pawe na choo cha kukalia, chenye chuma cha kushika ukutani, na mlango upana wake usipungue sentimita 90, tena ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani hamwezi kumfikia. Choo hicho kiwe karibu. Katika ukumbi mmoja niliouona kiliwekwa mwisho wa uwanja, kwa ajili ya harufu, walisema. Matokeo yake ni kwamba bibi hawa hawanywi chai wala maji tangu asubuhi, wasije wakahitaji kwenda. Mtu mzee kukaa kutwa bila kunywa maji, na hali yuko mahali alipojengewa apate afya!

Kadhalika viti. Kiti cha plastiki kisicho na mikono hakimfai, kwa kuwa mzee huinuka kwa kusukuma kwa mikono yake. Benchi lisilo na mgongo ni la kanisa la vijana na la kituo cha basi. Mwanga nao ni jambo: macho ya miaka 60 yataka mwanga mwingi zaidi kuliko macho ya miaka 20, na kipandio kimoja kilicho gizani chatosha kumvunja mtu. Na sauti. Paa la mabati lisilo na dari, mvua ikinyesha hapana asikiaye neno. Hata pasipo mvua, kuta tupu za saruji hurudisha sauti, na mwenye masikio mazito husikia vurugu tu, akanyamaza, akaacha kuja. Watu watasema, "Huyu mzee amekuwa mkimya siku hizi." Kumbe ni dari.

Sasa nakuja penye ugomvi. Nimesikia ya kwamba baadhi ya vijana wanataka kiwanja chote kiwe cha mpira wa miguu na mpira wa kikapu, na chumba cha muziki. Na baadhi ya wazee wamesema wao hawatakaa mahali pamoja na kelele. Wako waliotoa shauri zijengwe nyumba mbili, moja huku, moja kule. Mimi sikubaliani nao, ingawa si kazi yangu kukubali au kukataa. Wazee niliowauliza mmoja mmoja, si barazani bali majumbani kwao, hawakuniambia kwamba wanataka kimya. Walisema hawataki mpira upige dirisha, wala muziki wa kutikisa kifua saa tano ya asubuhi. Lakini wanataka kuona watu wakipita. Mzee aliyekuwa akishinda peke yake chumbani hatapona kwa kuhamishwa akashinde peke yake katika chumba kipya. Basi nadhani mchoraji aweza kufikiri juu ya uwanja mmoja na milango miwili, na baraza ya kivuli katikati, inayotazama mpira kwa mbali. Na saa zigawanywe, asubuhi ya wazee, alasiri ya watoto watokao shule, jioni ya vijana. Mkipata shauri bora kuliko hilo, tupeni.

Tena kuna jambo ambalo husahauliwa. Neno "wazee," kwa masikio ya wengi wetu, ni wanaume. Nimeona mahali pengine baraza yenye kivuli imekwisha twaliwa na wacheza bao na drafti, na akina mama wazee wamebaki jikoni, kana kwamba wamekuja kupika katika nyumba ya starehe. Akina mama, mwambieni mchoraji ninyi mtakaa wapi. Msipomwambia atachora jiko kubwa, na atadhani amewatendea wema.

Na wale wasiokuja barazani? Leo naona hapa watu kama mia mbili, na wenye fimbo nimewahesabu, ni kumi na mmoja. Wengine wako ndani. Hawakusikia kipaza sauti, au wameona njia ni mbali. Nimemwomba mwenyekiti, naye amekubali, kwamba wiki ijayo vijana wanne na akina mama wanne waende nyumba kwa nyumba, asubuhi, wakati mzee ana nguvu, wakaulize na kuandika maneno kama yalivyosemwa. Wasiyafupishe. Mimi najua kufupisha kunavyoanza: huanza kwa kuwa na haraka, kisha mtu hujiona ana akili kumpita msemaji.

Jambo la kuonyesha ramani nalo lina njia yake. Watu wengi hawasomi ramani, hata waliosoma shule. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kujua mlango ni ipi na dirisha ni ipi. Lakini kila mtu husoma ardhi. Ukipiga vigingi, ukafunga kamba, ukachora kwa chokaa ukubwa ule ule wa chumba, bibi ataingia "mlangoni" na fimbo yake, ataketi, atasema, "Hapa jua la alasiri litanichoma." Kule Kibera, kandokando ya mto Ngong, tangu mwaka 2006 watu wa shirika la Kounkuey Design Initiative wamefanya kazi pamoja na wakaazi kugeuza viwanja vilivyokuwa majalala, na wakaazi ndio waliochagua nini kiwekwe: hapa ukumbi, pale mahali pa watoto kuchezea, pengine vyoo na mahali pa kufulia. Kisha vikundi vya wakaazi vikashika kazi ya kuviangalia.

Na hilo la kuangalia msiliache mpaka mwisho, kama mimi ninavyoliacha sasa kwa ajili ya saa. Nani atashika ufunguo? Taa na maji vitalipwa kwa fedha gani? Nimeona kumbi nzuri zenye kufuli mwaka mzima, zikifunguliwa kwa arusi za wenye kulipa na mikutano ya wakubwa. Kama ukumbi utakodishwa Jumamosi ili ulipe umeme wa wiki, mwaweza kukubaliana hivyo, lakini iandikwe, na iandikwe pia kwamba asubuhi za wazee hazikodishwi.

Mwenyekiti ananitazama. Basi tutatoka sasa twende kiwanjani. Vigingi vimepigwa tangu asubuhi na kamba imefungwa, na chokaa iko ya kutosha kufuta na kuchora tena. Wenye fimbo watatangulia, sisi wengine tufuate mwendo wao. Atakayetaka kusema kwa lugha ya nyumbani kwake na aseme, wala asiharakishe. Nimemwambia dereva ya kwamba leo hatuna safari.